Ndoo za rangi Pugu: nilivyopima hewa ya ukaa inayotoka ardhini

Niliambiwa bila mashine ya mamilioni huwezi kupima hewa ya ukaa inayopumuliwa na udongo wa msitu. Wapi! Nimepima Pugu, msitu ulio karibu na Dar es Salaam, kwa ndoo tupu za rangi, kostiki soda ya watengeneza sabuni inayonyonya hewa hiyo, na taitresheni ileile ya kidato cha nne, yaani kudondoshea asidi ili kujua kostiki iliyobaki. Gharama? Ndoo ni elfu chache Kariakoo; asidi ndiyo inauma kidogo.

Ndoo ya lita 10 unaikata kitako na kuizamisha sentimita 3 hivi. Wanaokwambia uigonge hadi sentimita 10 wanakukatisha mizizi, na mizizi nayo inatoa sehemu ya hewa unayoitafuta. Kisha iache wiki mbili. Ardhi iliyotoka kuchokorwa hudanganya.

Ushauri ulionikera kuliko yote ni ule wa kuweka ndani ya ndoo mililita 20 za kostiki ya mola 1 (mola ni kipimo cha ukali wa mchanganyiko). Piga hesabu: kiasi hicho hakiwezi kumeza zaidi ya miligramu 440 za hewa ya ukaa, wakati ndoo yenye mdomo wa sentimita 24 inaweza kupata zaidi ya 600 kwa siku msitu ukiwa na unyevu. Baada ya mvua, ndoo za bondeni na za mwinuko zikatoa jibu lilelile, na aliyenishauri akatangaza kwa furaha kwamba unyevu hauna athari Pugu. Kumbe kostiki ilishashiba! Dalili yake ni hii: ukishatia bariamu kloridi, inayoigandisha hewa iliyonaswa, dondoshea fenolfthalini, rangi inayogeuka waridi kostiki ikiwa bado ipo. Isipogeuka waridi hata chembe, tupa jibu hilo.

Sasa natia mililita 80 za kostiki hiyo kwenye kopo pana, juu ya kistuli cha waya ili lisizibe ardhi, nafunika ndoo kwa saa 24 kamili. Pembeni naweka ndoo isiyokatwa kitako, yenye kopo na kifuniko vilevile: hiyo ndiyo ya kulinganishia, maana kostiki ya dukani huja ikiwa imeshanyonya hewa. Natoa mililita 10 za kostiki hiyo kwa taitresheni, nikitumia asidi ya haidrokloriki. Tofauti ya asidi kati ya ndoo hizo mbili, kwa mililita, zidisha kwa mola ya asidi, kisha kwa 22, halafu kwa 8. Hizo ni miligramu za hewa ya ukaa.

Wengi hung'ang'ania kipimajoto. Chini ya kivuli cha msitu wa pwani joto la udongo halipandi na kushuka sana. Unyevu ndio unaoamua. Kausha udongo kwenye tanuri la nyuzi 105 upate asilimia yake. Pima siku moja kabla ya mvua za kwanza za vuli na siku inayofuata, uone udongo uliokuwa mkavu unavyolipuka kwa hewa ya ukaa vijidudu vikiamka. Mtafiti wa udongo H.F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958, akifanya kazi Muguga, Kenya. Masika yakikolea, bondeni kwenye mfinyanzi namba hushuka tena, kwa kuwa maji yameziba vitundu na oksijeni haipiti.

Majani makavu ndani ya ndoo usiyafagie, nayo yanaoza na kutoa hewa. Miche iliyochipua ikate kwa mkasi, usiing'oe.