Kumbukumbu ya mradi: bunduki moja ya kulungu na koyote (mbwa mwitu mdogo wa Amerika)

Uamuzi umefikiwa: kaliba, yaani aina na unene wa risasi, ni .243 Winchester. Naandika sababu sasa, kabla hazijachanganyika na furaha ya kuwa na bunduki mkononi.

Mahitaji yenyewe ni haya. Rafiki yangu anafuga mbuzi Hill Country, katikati ya Texas, na majike wakianza kuzaa, koyote hawabanduki ugani. Ameniruhusu kuwinda kwake, na hiyo ni bahati kubwa, kwa kuwa karibu ardhi yote ya Texas ni mali ya watu binafsi. Koyote hawana msimu hapa. Ukiwa na leseni unawinda mwaka mzima. Kulungu wa mkia mweupe msimu wao wa bunduki unafunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Koyote ana kilo kumi na kitu na ni hodari wa kukaa mbali. Kulungu ni nyama ya familia, na sitaki ateseke wala nyama iharibike. Nataka bunduki moja inayowaweza wote wawili.

Nilianza na .223 Remington, kwa sababu risasi zake ni rahisi kupata na haimpigi mtu begani. Kwa koyote sina neno nayo. Kwa kulungu, sheria ya Texas inairuhusu. Kinachokatazwa ni risasi zinazogongwa ukingoni mwa ganda, kama .22 LR. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja, kutosha ni jingine. Risasi yake ya greni 55, yaani gramu 3.6, hutoka mtutuni na nguvu ya takriban jouli 1,700. Ile ya .243 ya greni 100 inakaribia jouli 2,600. Kulungu akigeuka kidogo wakati unafyatua, tofauti hiyo ndiyo inayoipeleka risasi mpaka kwenye mapafu. Halafu natamani siku moja kuwinda Colorado, na kule kwa kulungu hawakubali kaliba iliyo chini ya inchi .24.

.270 na .30-06 nilizipita haraka. Ni kaliba nzuri sana, ila kwa koyote ni kubwa mno, na mimi napenda kufanya mazoezi mengi bila bega kuuma.

Mshindani wa kweli alikuwa kaliba ya 6.5 Creedmoor. Inastahimili upepo vizuri zaidi, na kama ningekuwa nawinda kulungu peke yao ningeichukua. Kilichoipa .243 ushindi ni risasi nyepesi: ya greni 58 inaweza kutoka kwa kasi ya karibu mita 1,190 kwa sekunde, na kwa koyote aliyesimama mbali unalenga juu kidogo tu.

Sehemu iliyonifundisha zaidi ni historia ya mwaka 1955. Winchester walichukua ganda la .308, wakalibana shingo likawa la milimita 6. Mwaka huohuo Remington wakatoa .244, yenye risasi za kipenyo kilekile. Lakini mifereji ya ndani ya mtutu wa Remington, inayoizungusha risasi, ilizunguka mara moja kwa inchi 12, ya Winchester mara moja kwa inchi 10. Risasi ya greni 100 ni ndefu, na risasi ndefu huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ndipo itulie hewani. Wawindaji wa kulungu walitaka greni 100, wakaenda Winchester. Mwaka 1963 Remington waliibadilisha jina ikaitwa 6mm Remington, na mtutu wa kuzungusha mara moja kwa inchi 9, lakini soko lilikuwa limeshahama.

Kwa hiyo nilipopata bunduki ya mtumba, kabla ya kulipa niliomba nipime mtutu. Tulihakikisha haina risasi, tukatoa bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Nikaingiza ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana, nikauwekea alama juu, nikausukuma taratibu huku ukijizungusha wenyewe. Alama iliporudi juu nilishika rula: inchi 10. Nikalipa.

Uwanjani nimeilenga kwa greni 100, katika yadi 100. Matundu matatu yaligusana, sarafu ingeyafunika. Nilipoweka greni 58 bila kugusa darubini, kundi lilipanda juu na kusogea kushoto. Hilo ni la kawaida, mtutu haupokei uzito tofauti kwa namna moja. Darubini itabaki kwenye greni 100, na kikaratasi chenye idadi ya tiki (hatua za kuzungusha kirekebishi cha darubini) za greni 58 nimekibandika ubavuni mwa kitako. Kila tiki ni robo inchi katika umbali huo.

Kilichobaki ni yadi 200, nikiwa nimekaa chini na bunduki imeegemea fimbo, kwa kuwa shambani hakuna meza. Cheti cha mafunzo ya uwindaji, ambacho Texas inamtaka kila aliyezaliwa kuanzia Septemba 2, 1971, ninacho tayari. Vipimo vya yadi 200 vikipatikana nitaviandika hapa, vya risasi zote mbili.