Ami na swichi za moyo

Jana barazani Mji wa Kale, kahawa chungu mkononi, ami akaniambia moyo kwao ni ugonjwa wa ukoo, babake aliondoka nao, kwa hivyo viazi karai ataendelea kula tu. Nikacheka, lakini yalinikera pia. Ami, jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, si hukumu bana! Muhimu pia ni zipi zinawashwa, kama swichi.

Karibu kila seli mwilini ina jeni zilezile, kama elfu 20 hivi, ila ini linawasha hizi na mshipa unawasha zile. Chukua jeni moja iitwayo LDLR: ikiwashwa vizuri ini linapata vipokezi vya kuvuta kolesteroli mbaya kutoka damuni, ikizembea mafuta yanabaki kuzunguka weee mpaka yanapenya ukuta wa mshipa wa moyo, seli za kinga zinakuja kuyala zinavimba, njia inabana. Vidonge vya statini, vile vya kupunguza kolesteroli, vinafanya ini liiwashe zaidi, ndo kazi yake.

Kuna pia 9p21, kipande cha kromosomu ya 9 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni) kilichohusishwa na ugonjwa huu 2007, ila waliopimwa wengi walikuwa wa asili ya Ulaya, si sisi.

Ami akasikiliza weee, kisha: "Sasa hiyo swichi yangu iko wapi, mwanangu?" Akaagiza kashata.