Matangi kwanza, mizinga baadaye: War in the Pacific kwa anayeanza

Mombasa imo ndani ya War in the Pacific: Admiral's Edition, mchezo wa kompyuta wa vita vya Japani na Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao). Wengi hawaioni kwa sababu imewekwa kwenye visanduku vya pembeni mwa ramani, pamoja na Aden, Abadan (bandari ya mafuta ya Iran) na Cape Town, na mgeni akifungua mchezo macho yake hukimbilia Pearl Harbor na meli za kubeba ndege. Kosa linaanzia hapo. Huu ni mchezo wa uchukuzi wenye mizinga ndani yake, na anayeshinda ni yule anayejua tani ngapi za mafuta ziko wapi na meli gani imetumwa kuzifuata.

Mtu wa Kisumu hahitaji somo refu. Malori ya mafuta huyaona yakingoja kujaza bohari ili yaelekee Busia na Uganda, na anajua kwamba mafuta hayo yametoka Mombasa kwa bomba. Bomba likikauka, vituo vya Kakamega vinaweza kuwa na pampu zinazong'aa kama sahani mpya na bodaboda bado zitalala. Noumea, kituo cha Washirika kwenye kisiwa cha New Caledonia, ni Kakamega hiyo. Ina bandari, ina uwanja wa ndege, lakini kila tani inatoka mbali, na manowari kubwa zikija kunywa pale kwa wiki moja zitaiacha kavu.

Vipimo vya kukariri ni vichache. Zamu moja ni siku moja. Kampeni kubwa inaanza Desemba 1941 na inaweza kufika 1946, yaani zaidi ya zamu 1,500. Heksi moja, yaani kipande kimoja cha pembe sita cha ramani, ni maili 40 za baharini, karibu kilomita 74, kwa hiyo Kisumu hadi Nakuru kwa mstari ulionyooka ni heksi mbili tu. Chukua mwendo wa meli kwa noti (maili za baharini kwa saa), zidisha kwa 24, gawa kwa 40. Meli ya noti 15 inakwenda heksi tisa kwa siku, ya noti 10 inakwenda sita. Msafara hutembea kwa mwendo wa meli iliyo pole kuliko zote, kwa hiyo usichanganye jahazi bovu na meli nzuri halafu ushangae.

Jambo la pili huwachanganya hata waliocheza miezi: mafuta na ugavi ni vitu viwili. Mafuta ni ya meli na ya viwanda vizito. Ndege hazinywi hayo. Ndege hula ugavi, na ugavi huo huo ndio chakula, risasi, saruji ya kujengea uwanja na vipuri. Ukiona kisiwa kina tani 20,000 za mafuta na mabomu hayaruki, usilaumu marubani. Angalia ugavi.

Kuhusu kompyuta nitasema kidogo. Mchezo ulitoka 2009, picha zake ni bapa, na laptop ya mtumba isiyo na kadi ya michoro inaubeba. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768, fungua sifa za njia ya mkato, na mwisho wa ule mstari wa anwani ya programu, nje ya alama za kunukuu, ongeza -w -px1366 -py768. Ficha utepe wa chini wa Windows, la sivyo utafunika vitufe vya chini. Stima zikipotea katikati ya zamu hakuna kitakachokuokoa isipokuwa faili ulizohifadhi, kwa hiyo zungusha nafasi tatu au nne za kuhifadhia, usiandike juu ya ile ile kila mara.

Usianze na kampeni kubwa. Anza na Coral Sea, ni fupi na ina meli chache. Kisha nenda Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, na ukae hapo, kwa sababu kila kitu cha mchezo mzima kimo kwenye kile kisiwa kimoja. Pima ramani uone: Rabaul, kituo cha Wajapani, hadi Guadalcanal ni kama maili 560 za baharini. Espiritu Santo, kituo cha Wamarekani, hadi Guadalcanal ni karibu zile zile. Heksi 14 upande huu, heksi 14 upande ule. Hakuna aliye nyumbani. Ndiyo maana mwaka 1942 walipigana pale miezi sita, kuanzia Wamarekani walipotua tarehe 7 Agosti hadi Wajapani walipomaliza kuondoa watu wao Februari 1943.

Kutua kunaanza muda mrefu kabla ya meli kung'oa nanga. Kila kikosi cha nchi kavu kina alama za maandalizi, 0 hadi 100, kwa lengo moja ulilokichagulia. Zinapanda takriban moja kwa siku. Kikosi chenye alama 20 kikishuka ufukweni kitavurugika kabla ya kumwona adui. Chenye 100 kitasimama. Ukibadilisha lengo katikati, alama zile zinapotea. Kwa hiyo kama unataka kutua Agosti, uamuzi ni wa Aprili, na Aprili ndiyo mwezi ambao mgeni bado anahangaika na meli za kubeba ndege.

Kisha kupakia. Msafara wa aina ya Transport hauwezi kushusha watu kwenye ufuko wa adui. Unataka aina ya Amphibious, na kikosi kiwe kwenye hali ya Combat, si Strategic. Watu hukosea hapa, msafara unafika, unazunguka, hakuna anayeshuka, na torpido zinaanza kuingia. Upakiaji wa kutua vitani hula nafasi zaidi melini, na ndivyo inavyopaswa. Ongeza meli. Tena, kasi ya kushusha inahesabiwa kwa kila meli, kwa hiyo meli kumi zilizojaa nusu zitamaliza kazi kabla ya meli tano zilizoshiba. Ni kama gati la Kisumu gugumaji likivamia: ukubwa wa meli haukusaidii, kinachokusaidia ni njia ngapi za kushushia ziko wazi.

Historia yenyewe inaonyesha bei ya kuchelewa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Agosti, karibu na kisiwa cha Savo, Wajapani walizamisha manowari nne nzito: Quincy, Vincennes, Astoria na Canberra ya Australia. Siku hiyo hiyo meli za mizigo ziliondoka zikiwa bado na shehena. Mchezo utakufanyia hivyo bila huruma usipoweka msafara wa manowari za kupigana kwenye heksi ile ile ya kutua. Meli za kufagia mabomu ya baharini zitangulie siku moja. Manowari za kushambulia pwani zije usiku na kuondoka usiku; kwa noti 28 zinakata heksi nane kwa saa 12, basi zianze jioni zikiwa ndani ya umbali huo, alfajiri ziwe zimetoweka. Zikichelewa hadi jua litoke, ndege za adui zitazikuta na mizinga haina kitu.

Wimbi la pili ni la watu wasioonekana kwenye picha za vita: wahandisi na mafundi wa ndege. Ndege moja inahitaji alama moja ya huduma ya ndege. Ukishusha ndege 60 kwenye uwanja wenye huduma ya 24, zaidi ya nusu zitakuwa vyuma vya kutazamwa. Uwanja ule wa Guadalcanal ulipokea ndege za kwanza tarehe 20 Agosti 1942, wapiganaji 19 aina ya Wildcat na walipuaji 12 aina ya Dauntless, na ulikuwa umemaliziwa kwa mashine walizoziacha Wajapani. Anza na hesabu kama hiyo. Wapiganaji 18 wenye mafundi wa kutosha ni kitu. 70 wasio na mafundi ni ripoti ya hasara. Ugavi kisiwani uwe angalau mara mbili ya mahitaji yanayoonyeshwa kwenye ukurasa wa kituo, na ukianguka chini ya hapo acha kuleta watu, leta gunia.

Meli za kubeba ndege, basi, kwa kuwa najua ndizo mlizozijia. Mwaka 1942 upande wa Washirika, ndege zikizidi 100 na kitu kwenye msafara mmoja, uwezekano wa mashambulizi kutawanyika unaongezeka maradufu: walipuaji watafika bila walinzi, au vikundi vitatu vitafika kwa nyakati tatu. Mwaka 1943 kizingiti kinapanda hadi 150, na 1944 hadi 200, ambacho Japani inacho tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo 1942 weka meli moja ya kubeba ndege kwa kila msafara, misafara kadhaa kwenye heksi moja. Kipimo cha kuitikia adui kiweke sifuri. Kamanda mwenye moyo wa simba akiachiwa kipimo cha sita atakimbilia meli mbili za mizigo na kukupeleka mbele ya manowari zote za Japani. Walipuaji wa kupiga mbizi wapewe kimo cha kati ya futi 10,000 na 15,000. Chini ya hapo hawapigi mbizi, na shabaha inaharibika.

Nyambizi za Marekani zina ugonjwa wa historia: torpido aina ya Mark 14 ilikuwa mbovu hadi vuli ya 1943, na mchezo umeuhifadhi ugonjwa huo. Utaona torpido imegonga ubavu wa meli ya mafuta na haikulipuka, mara tatu mfululizo. Usitupe kompyuta. Zile nyambizi kuukuu za daraja la S hutumia Mark 10, inayolipuka, na za Waholanzi ni nzuri pia. Hizo ndizo zipelekwe kwenye milango ya Borneo na Sumatra mwanzoni.

Ukicheza Japani hesabu inageuka. Tani kumi za mafuta ghafi zikisafishwa zinatoa tisa za mafuta na moja ya ugavi. Palembang, mji wa mafuta wa Sumatra, ndiyo roho yako, na utaikuta imeharibiwa. Kurekebisha alama moja ya kiwanda kunakula ugavi wa tani 1,000, alama moja kwa siku. Alama 100 za uharibifu ni tani 100,000. Gharama ni ile ile ukipanua viwanda vya ndege, na hapo ndipo wengi wanaocheza Japani hujinyonga: wiki ya kwanza wanabonyeza kupanua kila mahali, Machi ugavi umekwisha, jeshi lao lililo China limekaa njaa. Panua viwili au vitatu vya ndege utakazozitumia kweli, vingine viache.

Mpinzani wa kompyuta anafaa kwa kujifunza tu. Huurudia mtego ule ule. Mchezo halisi ni wa watu wawili kwa barua pepe, na unaendana na maisha ya bando: huhitaji kuwa mtandaoni pamoja. Japani anatoa amri na kutuma faili lenye nywila, Mshirika anatoa zake na kulirudisha, Japani anaendesha siku na kutuma matokeo pamoja na faili jipya. Wakati mwingine picha za marudio hazilingani na ripoti ya maandishi. Amini maandishi. Zamu moja kwa siku ina maana mtoto anayeingia PP1 leo atakuwa Gredi ya 3 mkimaliza, kwa hiyo kubalianeni mapema: walipuaji wa injini nne wasishambulie meli kutoka kimo cha chini, na vikosi vya Japani vya Manchuria visivuke mpaka bila kulipiwa alama za kisiasa (pointi za mchezo za kuhamishia vikosi). Ugomvi mwingi ninaousikia haukutokana na mchezo, ulitokana na kutokubaliana mwanzoni.

Sasa turudi Mombasa. Njia za visanduku vya pembeni hazishambuliwi na nyambizi, kwa hiyo mafuta ya Abadan yakizungushwa kwa Cape Town hadi Australia yanafika yote, polepole. Safari ndefu salama ni bora kuliko fupi ya kuvuka kati ya Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Perth. Ila usidhani bahari yetu ilikuwa tulivu vile. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza lilihamia Kilindini, bandari ya Mombasa. Na tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi I-27 karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Wenzao waliofika ndio Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, brigedi za 21, 25 na 26. Utawapata Ceylon mwaka 1943. Wachezaji wengi huwaacha pale kama walinzi wa bandari, na ni uzembe. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya Burma na kuingia mji wa Kalewa tarehe 2 Desemba. Wape Kalewa kama lengo la maandalizi wakiwa bado Ceylon, zile siku 100 zipite wakiwa wamelala vizuri. Kisha hakikisha ugavi umejaa Imphal, upande wa India, kabla hawajaanza kushuka, maana eneo lile lina malaria, na kikosi chenye homa na njaa hakivuki mto Chindwin hata ukibonyeza mara ngapi.