Hawa Wanataja Magari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii mstari mmoja umenikalia moyoni na umekataa kuondoka. Ni Zaburi 20:7: "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Tunaujua wote, tumeuimba. Ila safari hii neno lililonishika ni hilo "wanataja". Maana kwa kutaja magari, watu wa Dar es Salaam hatujambo. Ibada ikiisha, watu wakisimama kivulini mwa mwembe kungoja jua lipoe, dakika tano haziishi kabla mzee mmoja hajaitaja Peugeot yake ya zamani, mwingine Corolla, na nyuso zinang'aa kama wametaja mtoto aliyefaulu.

Sioni dhambi hapo. Gari lililomkimbiza mama Muhimbili usiku wa manane, likabeba mabati ya nyumba ya kwanza Kimara, likasindikiza jeneza la baba hadi kijijini, halisahauliki. Samweli alisimamisha jiwe akaliita Ebenezeri, akasema, "Hata sasa BWANA ametusaidia." Kuna nyumba ambazo Ebenezeri yao ilikuwa pikapu ya Datsun. Mungu husaidia kwa vitu vingi.

Lakini angalia jambo moja. Mtu anayelikumbuka gari lake kwa mapenzi ya kweli hutaja na ugonjwa wake.

Msikilize aliyemiliki Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Hatakuambia haikuwa na shida. Atakuambia haina rejeta, inapozwa kwa upepo, na feni ya upepo huo inazungushwa na mkanda uleule unaozungusha jenereta. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka usifikirie betri: mkanda huenda umekatika na injini inaanza kuungua, paki hapohapo. Atakuambia inachukua oili lita mbili na nusu tu, haina filta bali chujio la waya, ndiyo maana oili inamwagwa kila kilomita 5,000 bila kubembelezana. Vali zinapimwa nafasi injini ikiwa ya baridi kabisa, nyingi ni milimita 0.15. Na kwenye zile za kabla ya miaka ya 1970, silinda namba tatu ndiyo huumia kwanza, kwa sababu kipoza oili kimesimama katikati ya njia ya upepo wake. Anayasema haya huku anatabasamu.

Wa Peugeot 504 ni hivyohivyo. Ilitoka mwaka 1968, baadaye ikaunganishwa hata Kenya na Nigeria, na mwenye nayo atasifu springi zake zilivyomeza mashimo ya barabara za mikoani. Kisha atakuonya: silivu zake, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji, kwa hiyo fundi akifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, bila kuzibana silivu, halafu akazungusha kranki, zinanyanyuka, mpira wa chini unaachia, na maji yanashuka kwenye oili. Wa Land Rover atakupeleka chini ya gari kabla ya kukuonyesha bodi. Bodi ni ya aluminiamu, haipati kutu, inadanganya macho. Chesisi ni ya chuma, na kwa upepo wa chumvi wa Kigamboni au Kunduchi inaliwa kimyakimya. Anagonga kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia, kilichooza hunung'unika. Hata Corolla 110, ambayo vijana wa jana wanaililia, mwenyewe atakuambia mkanda wake wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000, na kwamba ukikatika kwenye ile injini ya 5A gari linazima tu, vali hazigongani na pistoni. Injini nyingine hazina huruma hiyo.

Ndivyo Biblia inavyokumbuka. Mathayo sura ya kwanza inamtaja Daudi mfalme, na palepale inamtaja mke wa Uria. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuacha kasoro ndani ya ukoo wa Masihi. Wana wa Israeli jangwani ndio waliokumbuka kwa upande mmoja: samaki wa bure, matango, matikiti, vitunguu saumu. Matofali hawakuyataja, wala kiboko.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mzigo wenyewe.

Mtu yuleyule aliyeorodhesha magonjwa yote ya gari lake chini ya mwembe, siku anapoliuza anapatwa na ugonjwa wa kusahau. Ghafla gari halijawahi kuumwa. Fungua kundi lolote la waumini kwenye simu yako usome: "Gari iko vizuri sana, namba D, injini haijawahi kufunguliwa, AC inagandisha, ya kuingia na kuwasha, maongezi yapo." Chini yake, "Mungu awabariki." Na anayeuziwa ni nani? Ndugu. Mwalimu aliyekopa SACCOS. Mama anayetaka gari la kupelekea mboga sokoni. Wanaamini kwa sababu muuzaji anaongoza sifa.

Methali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA." Sisi tunadhani mizani ni ya muuza sukari. Wapendwa, dashibodi ni mizani. Kijiti cha oili ni mizani. Tuitazame mizani hiyo ya hadaa inavyokaa gerejini, kwa majina yake, kwa sababu dhambi isiyotajwa kwa jina haikemeki.

Injini inakula oili na kupiga moshi wa bluu. Muuzaji anamwaga oili nyepesi ya 5W-30 aliyoagiza mtengenezaji, anatia nzito kupita kipimo, na chupa ya dawa ya kuziba moshi juu yake. Kwa wiki mbili injini inatulia. Hiyo si matengenezo, ni ganzi. Jino bado limeoza.

Taa ya injini inawaka. Badala ya kutafuta sababu, taa inazibwa kwa plasta au inatolewa kabisa. Gari zima, ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake, na injini ikishika izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliinyamazisha. Kilomita zimerudishwa hadi 78,000, ila raba ya pedali ya breki imelika upande mmoja na usukani umekuwa laini kama sahani. Na stika ya Kijapani ya kubadilishia oili, iliyobaki pembeni mwa mlango, ina namba kubwa kuliko hiyo.

Kutu imefunikwa kwa fila na rangi mpya. Hapa nondo na kutu za Mathayo 6 hazihitaji mhubiri. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya milango na juu ya matairi. Inapoacha kushika, hapo kuna fila nene. (Kwa Land Rover usijisumbue na bodi, sumaku haishiki aluminiamu.)

Masika ikipita, yanaingia sokoni magari yaliyolala majini, Jangwani na kwingineko bondeni. Yameoshwa, yamepuliziwa manukato. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake, mstari wa maji ya matope utauona kwenye kitambaa. Inua zulia ushike boliti za viti. Zikiwa na kutu nyekundu, gari hilo lilishabatizwa. Nyaya zake zitaanza kuoza baada ya miezi michache, taa moja leo, kioo kingine kesho, na mnunuzi atazunguka Gerezani na Kariakoo akitafuta spea ya ugonjwa asioujua.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni gari lililochemsha. Hili karibu kila gereji ya jiji hili inalijua. Mara nyingi linaanza na kitu kidogo. Rejeta inajazwa maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi na kutu vinaziba mirija. Au kifuniko cha rejeta kimechoka. Kimeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ni kazi: kinayabana maji ili yasichemke kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Springi yake ikilegea, maji yanachemka mapema, na sisi tunalaumu foleni ya Ubungo. Gari likichemsha mara ya kwanza, fundi wa haraka anatoa themostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate moto, anasema Dar kuna joto, haihitajiki. Inahitajika. Katika Toyota nyingi inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikitolewa injini inaendeshwa ikidhani bado ni asubuhi: inazidisha petroli, oili inachafuka haraka, na mshale wa joto unakaa chini ukimfariji dereva. Wakati huo huo silinda hedi ya aluminiamu imekwisha kupinda. Kupinda kunakoruhusiwa na Toyota kwa injini zao nyingi ndogo kunaishia milimita 0.05, karibu na wembamba wa unywele. Ikizidi hapo gasketi haizibi, hata ukiweka mpya.

Mwenye gari analijua hili. Anajua anaongeza maji kila asubuhi. Siku ya mnunuzi anaamka saa kumi na moja, anajaza maji mapema, anatia dawa ya kuziba mivujo, na anaiwasha injini ili mgeni akija aikute ya moto asiweze kufungua rejeta. Ndugu yangu, hiyo ni saa yako ya maombi ya alfajiri. Umeitumia kuandaa uongo.

Petro alimuuliza Safira, aliyeficha pamoja na mumewe Anania sehemu ya bei ya kiwanja, swali fupi: "Niambie, Mlikiuza kiwanja kwa thamani hiyo?" Kiwanja kilikuwa chao. Bei ilikuwa yao. Kilichowaua ni kusema jambo pungufu kana kwamba ni kamili. Bwana wetu amesema maneno yetu yawe ndiyo, ndiyo, siyo, siyo. "Iko vizuri tu, ni vitu vidogovidogo" haimo katika hayo mawili.

Kwa mnunuzi nina neno dogo, maana Methali 20:14 inakujua pia: "Haifai kitu, haifai kitu," halafu ukiondoka unajisifu. Usilitukane gari zima ili uibe bei.

Basi wewe unayetaka kuuza, uza kama unavyosimulia chini ya mwembe. Mwite mnunuzi asubuhi, injini haijawashwa tangu jana. Mwache aje na fundi wake, si wako. Fungua kifuniko cha rejeta mbele yake kikiwa cha baridi, kwa usalama wake, kisha washa: maji yakitoa mapovu mfululizo, kuna upepo wa silinda unaingia humo. Fungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama maziwa ni maji. Kifuniko cha rejeta kikiwa kimefungwa, shika mpira wa juu wa rejeta dakika moja baada ya kuwasha, ukiwa mgumu kabla haujapata joto, mwambie sababu. Mpe karatasi uliyoandika kwa mkono wako: lini lilichemsha, nani alifungua hedi, mkanda wa taimingi una kilomita ngapi, oili ya gia ilimwagwa lini. Faini za barabarani na madeni ya maegesho hufuata namba ya gari, kwa hiyo zilipe wewe kwanza, kisha mkabadilishe umiliki TRA mkiwa wawili. Bei itashuka. Ishuke.

Na wapo waliosoma hadi hapa wakati gari liliuzwa mwaka jana. Zakayo alipomkaribisha Yesu hakusema atajirekebisha mbele ya safari. Alisema, "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Wewe anza na simu. Mwambie, "Ndugu, ile gari ilichemsha mara mbili kabla sijakuuzia, na fundi alitoa themostati. Hedi ipimwe, gharama ya kuisaga na gasketi nachangia." Namba yake unayo, mko kundi moja. Kama ana safari ya Iringa wiki hii, mpate kabla hajaanza kupanda mlima wa Kitonga.