Tawi la Olkiloriti: Kutoka Moshi hadi Makuyuni

Mteja alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Alitaka miche 200 ya Vachellia nilotica ya kuzungushia shamba lake huko nyanda za chini, na jina hilo alilitamka polepole, kama mtu anayelisoma kwenye karatasi. Nikamwambia sina. Akashukuru, akakata simu. Zikapita wiki mbili ndipo kijana aliyekuja kununua miparachichi akaniuliza, mbona miche aliyokuwa akiitafuta yule bwana ninayo? Ilikuwa imepangwa kwenye viriba pale pale miguuni pangu, safu sita, mbele yake kibao nilichokiandika kwa mkono wangu mwenyewe: Acacia nilotica.

Nina kitalu cha miche Moshi, upande wa chini wa mji, na mgunga huu naujua. Mbegu yake ina ganda gumu kama kokoto. Unachemsha maji, unayaepua, unazimwagia mbegu na kuziacha zilale humo usiku kucha. Asubuhi zilizovimba unazitia kwenye viriba, na zile ngumu unazirudia. Mche wa mgunga unaanza kuchoma vidole ukiwa bado mdogo, ndiyo maana kijana ninayefanya naye kazi huivalia glavu safu hiyo peke yake. Sasa mti niliouotesha hivyo, mbegu kwa mbegu, kubadilishwa jina bila mimi kuwa na habari, kuliniuma kuliko hela ya miche 200. Nilikata tawi lenye majani, maua na ganda, nikalilaza kati ya magazeti, nikalibana kwa vipande viwili vya boksi na kamba ya katani, nikaenda stendi kupanda Coaster ya Arusha.

Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Mpaka Boma Ng'ombe bado kuna dalili za mlimani, migomba na mahindi. Ukishapita Boma nchi inafunguka, vumbi linaanza, na kushoto na kulia unaona ile miti yenye vichwa vilivyolala kama miavuli. Uliza mtu yeyote ndani ya gari miti ile inaitwaje, atakwambia mgunga. Uliza ule mwingine mrefu wa bondeni wenye gome la njano, utaambiwa mgunga. Nakipenda Kiswahili, ndicho ninachouzia miche kutwa nzima, lakini hapo naona kimejinyima.

Mzee mmoja wa Kimaasai alipanda Boma, akakaa kiti cha pembeni yangu, fimbo yake katikati ya magoti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha macho yake yakatua kwenye boksi langu, mahali mwiba mmoja ulipotoboa gazeti.

"Hiyo olkiloriti, mama. Unampelekea mgonjwa?"

"Hapana, baba. Naupeleka Ngaramtoni wakaniangalizie jina lake."

"Jina?" Akaugusa ule mwiba kwa ncha ya kidole. "Si nimekutajia."

Basi safari ikawa shule. Akanionyesha dirishani miti yenye vichwa vya mwavuli: huo ni oltepesi, ambao ganda lake hujikunja kama sikio la mbuzi mdogo. Wenye gome la njano, unaopenda maji, ni olerai, na ndio uliowapa jina msitu wa Lerai ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Kichaka chenye miiba ya ndoana, kile ambacho watu wengine hukiita kikwata, ni oiti. Mfupi wa kwenye udongo mweusi, wenye mapovu, yaani vivimbe vyenye uwazi ndani, kwenye miiba, ni eluai. Na wangu huu, olkiloriti, ndio wanaume huchukua gome lake na kulichemsha kwenye supu wanapokwenda olpul kula nyama. Supu bila gome hilo, alisema, inalala tumboni. Miti mitano, majina matano, na mzee hakusita hata mara moja. Aliposhuka kabla ya njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA alinielekeza kwake: nikirudi nipite zizini, kwani mbuzi hula maganda mchana na usiku wakicheua huzitema mbegu, nami nitazikuta chini zimejaa.

Tengeru, Arusha mjini, daladala ya Ngaramtoni. Hapo sina cha kusimulia zaidi ya foleni.

Hebaria ya Taifa iko ndani ya eneo la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pale ambapo wenyeji wengi bado wanapaita TPRI. Hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa: kila mmea umebandikwa kwenye karatasi ngumu, pembeni umeandikwa ulichumwa wapi, lini na nani. Dada aliyenipokea, ambaye umri wake ni wa binti yangu wa pili, alifungua magazeti yangu taratibu, akashika lenzi, akaniita nami nitazame.

"Anza na miiba, mama."

Nimechomwa na miiba ile miaka yote na sikuwahi kuitazama hivyo. Ilikuwa imekaa miwili miwili, imenyooka, myeupe, mmoja huku na mwingine kule wa mahali jani linapoota. Ile si miiba iliyojiotea tu kwenye gome. Ni vile vijani vidogo viwili ambavyo mimea mingi ya jamii ya mikunde huvitoa kwenye kitako cha jani, ila hapa vimegeuka kuwa sindano. Maua yalikuwa vitufe vya njano, kila kitufe ni maua madogo mengi yaliyosongamana, na kinachoonekana kwa macho ni nyuzi za chavua tu. Akanivutia kikaratasi cha mti mwingine: miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, maua marefu kama mkia. Huo zamani nao ulikuwa Acacia, sasa ni Senegalia. Wangu ni Vachellia. Miiba iliyonyooka na maua ya vitufe, miiba ya ndoana na maua ya mkia: kwa sehemu kubwa unaweza kuitenganisha hivyo ukiwa umesimama shambani, ingawa oltepesi ni msumbufu, kwa sababu una miiba mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kwenye tawi moja.

Kisha akanieleza jinsi jina lilivyohama, na hapo ndipo nilipovuta kiti.

Wagiriki wa kale waliuita mti wa miiba wa Misri akakia, na tabibu Dioscorides wa karne ya kwanza aliandika juu ya utomvu wake kama dawa. Mti wenyewe ulikuwa huu huu wa Mto Nile, na ndiyo maana mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden aliuita nilotica, ingawa aliuweka kwenye kundi la Mimosa. Mwaka uliofuata, 1754, mtunza bustani wa London, Philip Miller, akalisimamisha jina Acacia kama jenasi, yaani kundi la aina za ukoo mmoja, inayojitegemea. Baada ya hapo kila mti uliofanana fanana nao ukatiwa humo, kutoka Afrika, Asia, Amerika na zaidi sana Australia, mpaka aina zikapita 1,300.

Tatizo likaja pale uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kwamba miti hiyo haikutoka kwenye ukoo mmoja. Ilibidi igawanywe. Na jenasi ikigawanywa, kuna kanuni: jina hubaki na mti wa mfano, ule ambao jina lilifungwa kwake tangu mwanzo. Yule dada alilifananisha na kamba na kigingi. Ng'ombe unaweza kuwahamisha utakavyo, lakini kamba inabaki pale kigingi kilipochomekwa. Kigingi cha Acacia kilikuwa kimechomekwa kwenye mti wangu, olkiloriti.

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Australia, Orchard na Maslin, wakapendekeza king'olewe na kuchomekwa kwenye mti wao, Acacia penninervis. Hoja yao ilikuwa hesabu. Aina za Australia zinakaribia 1,000, wakati kundi la miti kama wangu lina kama 160 tu. Kigingi kikibaki Afrika, miti ile yote 1,000 ingelazimika kubadilishwa majina. Mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulipiga kura. Karibu asilimia 55 ya kura zilipinga kuhamisha, lakini kamati ya majina ya mimea ilikuwa tayari imeshaunga mkono, na kuikataa kamati kulihitaji asilimia 60. Jina likaenda. Mwaka 2011, mkutano uliofuata, uliofanyika Melbourne, ulilithibitisha huko huko Australia. Mwaka 2013 watafiti wakachapisha majina mapya ya miti mingi ya Afrika.

Hoja ya hesabu naielewa. Mimi mwenyewe nisingependa kuandika upya vibao 1,000. Lakini wengi walisema hapana na bado ikawa ndiyo, na mti uliobeba jina lile kwa miaka 250 ndio ulionyang'anywa. Ningekuwa pale ningepiga kura ya kupinga, na leo bado ningeipiga.

Jina tulilopewa badala yake, Vachellia, halikutungwa wakati huo. Lilikuwapo tangu 1834, kazi ya Wight na Walker-Arnott, waliolitoa kwa heshima ya kasisi Mwingereza George Harvey Vachell, aliyekuwa Macao na kukusanya mimea ya China. Nililirudia jina hilo mara tatu mbele ya lile tawi. Kilichonigusa zaidi ni pale nilipomuuliza kuhusu miwati, ile ya Njombe inayokamuliwa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Miwati asili yake ni Australia, kwa hiyo imebaki Acacia mearnsii. Kitaluni kwangu, basi, mgeni ndiye anayeitwa Acacia, na mwenyeji siye.

Nililala Arusha. Maneno ya mzee juu ya eluai yalikuwa bado yananizunguka, na dada wa hebaria alikuwa ameniambia jambo lililoninyima usingizi kidogo: mti ule jina lake la kitaalamu ulilipata kutokana na safari iliyofanyika kwetu. Mwaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt wa Sweden alizunguka Kilimanjaro na Meru akikusanya wanyama na wadudu, kambi yake moja ikiwa Kibong'oto, ambayo kwenye lebo zao waliiandika Kibonoto. Akashughulikia pia miti ya nyikani yenye mapovu na sisimizi wake, na kwenye kitabu cha safari hiyo, mwaka 1908, ndimo lilimotokea jina drepanolobium lililotolewa na Harms wa Berlin, maana yake ganda lenye umbo la mundu. Aina moja ya sisimizi wanaoishi kwenye miti hiyo inaitwa Crematogaster sjostedti kwa ajili yake.

Asubuhi nikapanda basi la Karatu, nikashuka Makuyuni. Nilitembea kutoka barabarani kama robo saa, kwenye udongo mweusi uliopasuka kwa jua, mpaka nikafika kwenye vichaka vinavyonifika kifuani. Kwenye kitako cha kila miiba miwili kulikuwa na povu kubwa kama ndimu, mengine ya kijani kibichi, mengine meusi na makavu, na juu ya meusi matundu madogo yaliyotobolewa na sisimizi. Upepo ulikuwa mdogo. Niliinama, nikaweka sikio, na nikasikia: sauti nyembamba, kama mtoto anayejifunza kupuliza filimbi ya mwanzi. Nikaligusa tawi kwa kalamu. Kabla sijahesabu tano sisimizi walikuwa wamejaa kwenye kalamu, mkia juu, wanakimbilia kidole changu. Mti unawapa nyumba na asali ya kwenye majani, nao wanaulinda hata dhidi ya tembo. Waliniuma mara tatu na sikuutoa mkono mapema, nilitaka kuona wanatokea tundu lipi.

Nikirudi Moshi nilishuka kabla ya Boma, nikaulizia kwa yule mzee. Zizi lilikuwa limezungushiwa matawi ya oltepesi, na chini, kwenye samadi kavu, mbegu za olkiloriti ziling'aa kama shanga za kahawia. Nilichutama na kuokota huku mke wake akinipepetea kwa ungo. Mzee akasimama mlangoni.

"Walikupa jina?"

Nikamsimulia yote, kigingi na kura na Australia. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na miti ya huko nayo inaingia kwenye supu?"

"Sijasikia, baba. Mingi haina hata miiba."

Akatazama mbuzi wake waliokuwa wanarudi, mmoja bado anatafuna ganda, na akaniuliza mti usio na miiba unafikaje kuwa mkubwa. Nilimwambia kwamba huko asili hakuna mbuzi wala twiga. Alitikisa kichwa polepole, akaniongezea konzi mbili za mbegu kwenye mfuko.

Nimefika nyumbani na giza. Mbegu zimeshamwagiwa maji ya moto, ndoo iko chini ya meza. Kibao kipya nimekiandika kwa rangi nyeusi: olkiloriti juu, kwa herufi kubwa, Vachellia nilotica chini yake, na mstari wa mwisho, kwa wale watakaokuja na karatasi za zamani, Acacia nilotica.