Sonona ughaibuni: kabla ya kushukuru, lia kwanza

Mkristo mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, akiwa ughaibuni husikia sana maneno haya: "Shukuru, wako wengi nyumbani wanaoitamani nafasi yako." Yanaumiza. Shukrani ya kujilinganisha huzaa hatia, na mwenye hatia hujificha: anatuma pesa, anatuma picha akitabasamu, na hakuna anayejua kuwa hali wala halali.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya anaomba afe. Malaika hamkemei. Anamgusa, anampa mkate na gudulia la maji, anamwacha alale tena, kisha anamwamsha ale mara ya pili. Safari inakuja baadaye. Basi anayefanya zamu za usiku na kuruka milo asianze na mfungo wala kesha. Kukosa usingizi huizidisha sonona. Arudishe kwanza usingizi na chakula.

Kwa maombi, Zaburi 13 ina aya sita tu nayo inaonyesha njia: mbili za kulalamika, mbili za kuomba, mbili za kutumaini. Andika yako kwa mpangilio huo, kwa lugha unayoliliamo, na usilainishe malalamiko. Siku usipoweza kufika kwenye tumaini, ishia ulipofika. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, na bado ni sala.

Shukrani ifuate hapo. Chukua daftari dogo na dakika kumi kabla ya kulala, hata kama kwako kulala ni asubuhi. Andika mambo matatu ya siku hiyo hiyo, na kila moja uliandikie lilitokeaje na kupitia kwa nani. "Asante kwa uzima" ikirudiwa kila siku hufa upesi, kwa sababu akili huacha kutafuta. Afadhali: "Mwenzangu wa zamu aliniona nimechoka, akamgeuza mgonjwa mzito bila kuombwa." Mara moja kwa wiki, mtumie mmoja wa hao ujumbe wa sauti umshukuru. Hapo ndipo upweke huanza kulegea, kuliko katika ibada ya kutazama kwenye simu. Daftari likigeuka deni, punguza iwe mara mbili kwa wiki.

Huzuni au kukosa hamu ya mambo kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, nenda kwa daktari. Wengi wetu hutaja kichwa, kifua na uchovu, tukaishia kupewa dawa za maumivu. Taja pia usingizi, machozi na mawazo ya kufa, na lugha ikikwama omba mkalimani.

Ukiandikiwa dawa, jua kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, ilhali kichefuchefu na maudhi mengine huweza kuanza siku za mwanzo. Ndiyo maana wengi huacha mapema. Wengine huacha ghafla baada ya kuombewa, wakapata kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa ukarudi. Kuombewa ni vyema. Dozi ipunguzwe na daktari, polepole.

Mawazo ya kujiua yakikujia, usisubiri Jumapili wala kumtafuta mchungaji kwanza. Piga namba ya dharura ya nchi uliyoko, mwambie aliye karibu nawe akae nawe, na dawa zilizomo ndani azishike yeye.