Siku moja maishani mwangu: mimi, mwanga na waridi la mama

Saa 11 alfajiri alamu inalia, na baridi ya Dodoma mwezi wa 7 acha tu. Betri moja ya kamera haijachaji, swichi ya ukutani sikuiwasha. Basi tutaenda hivyo hivyo, bodaboda mpaka Nzuguni kwenye kitalu cha maua cha mama mmoja anayetaka picha za kuweka status.

Saa 1 kasoro. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, leo usiniletee tena waridi la plastiki." Ana haki. Wiki iliyopita nilipiga mawaridi mekundu jua la saa 6, yakatoka kama doa la rangi, petali huzioni.

Saa 1 na robo naanza na meupe maana upepo bado umelala. Mita ya kamera, kile kipima mwanga chake, haijui ua ni jeupe, yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu, ukiiachia waridi jeupe linatoka kama shuka ambalo halijafuliwa. Naongeza mwanga +1, naangalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto, weupe kulia), naongeza kidogo tena, ncha ya petali inaanza kumweka kwenye skrini kuonyesha imeungua, yaani mwanga umezidi imebaki weupe mtupu, narudi nyuma theluthi moja. Hapo hapo. Halafu kuna hii kitu ya makro, yaani kupiga kwa karibu sana, ukilisogelea ua mpaka 1:1 (ukubwa wake kwenye sensa ya kamera sawa na wa kweli) mwanga unaofika ndani unabaki kama robo, tundu la lenzi la f/8 linafanya kazi kama lile dogo la f/16 na kamera yangu bado inaandika f/8 bila aibu, kwa hiyo kasi ya shata inashuka na nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka 800 ndo napata 1/200 ya sekunde ya kupigia mkononi.

Saa 2 na nusu, mekundu. Hapa ndo niliumia. Histogramu ya kawaida inakwambia uko salama kumbe nyekundu peke yake imeshagonga ukuta wa kulia, sasa nafungua ile ya rangi tatu na kupunguza mwanga -0.7. Mishipa ya petali hiyoo.

Saa 4 jua limekuwa kali na upepo umeamka. Imebaki bogenvilia. Watu wengi hawajui zile za pinki ni majani tu, ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati, na hako ndo kanaungua kwanza. Nimemuomba mama kipande cha chandarua cheupe, mjukuu wake akakishika juu kuzuia jua, kivuli kikalainika na mimi nikapima mwanga kwenye hako keupe tu. Mtoto alichoka mkono kabla yangu, tukacheka, tukaacha.

Saa 7 wali maharage. Usingizi kidogo.

Saa 10 jioni kompyuta. Napiga RAW (faili ghafi la kamera) kwa hiyo kivuli nakivuta, lakini palipoungua hata uvute vipi hamna kitu. Kati ya picha 212 nimebakiza 14.

Saa 2 usiku namtumia mama WhatsApp. Voisi inarudi: "Hili sasa ndo waridi langu! Ila mwanangu, kwenye lile jeupe kuna sisimizi, mtoe." Sisimizi mwenyewe nilimsubiri dakika ishirini apande pale.